Samaki Mgeni Huja na Maji Yake

Samaki mgeni huja na maji yake. Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi hii, akawafungia mlango mkiwa na masinia mikononi, na sasa mmenijia mimi mmenuna. Mnataka kujua ni samaki gani, ni maji gani, na inamhusu vipi bi harusi wa kaka yenu aliyeletwa jana. Kaeni basi. Saumu, weka chini hiyo chupa ya marashi kwanza, utatumwagia sote.

Msemo huu hamtaukuta katika kitabu chochote. Ulizaliwa humu humu, katika nyumba hii ya Ngamiani, na mimi shangazi yenu nilikuwepo, kijiti cha hina mkononi. Nitawaeleza ulivyoanza.

Mama yenu, Nyamizi, alitoka Tabora. Alijuana na kaka yangu Mbaruku, baba yenu, chuoni Dar es Salaam, wote wawili wakisomea ualimu. Ndoa ilifungwa kwao Tabora, nasi wa Tanga tukabaki kumngoja bi harusi aletwe. Na aliyengoja kuliko wote alikuwa marehemu bibi yenu, Bi Mwanasiti.

Nyinyi mnamsikia tu. Mimi ni mwanawe wa mwisho, naweza kuwaambia kwamba barabara zote za Ngamiani hazikuwa na mtu mkarimu kama yeye. Mgeni aliyeingia kwake kuomba kikombe cha chai alitoka ameshika tumbo kwa mikono miwili. Paka wa majirani walihamia kwetu, na wenye paka hawakuja kuwadai, maana walijua wameshindwa.

Basi bi harusi alipofika, hebu fikirieni. Vigelegele vilimpokea tangu kona ya barabara. Akamwagiwa marashi kabla hajavua viatu. Akafukizwa udi. Asubuhi mkate wa kumimina, mchana biriani, usiku kuku wa kupaka, na katikati ya hayo sinia za vitumbua na visheti. Majirani waliingia kumtazama, na kila aliyeingia alimfunua mtandio.

"Tumwone. Aa, ana macho huyu."

"Macho anayo, ulimi je? Mbona haongei?"

"Wa bara hao, wana haya."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Alitamka maneno matatu tu: shikamoo, ahsante mama, nimeshiba mama. Mimi nilikuwa msichana wa kukaa naye chumbani, na hata mimi sikuwa nimesikia la nne.

Alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Mbaruku alipokuwa akirudi Dar kuchukua vyombo vyao, alimwomba amletee samaki. Si wa kula, samaki wa kufuga. Anaitwa beta. Ni mdogo, urefu wa kidole, lakini mapezi yamemzidi mwili, yanapepea majini kama mtandio wa hariri. Siku mama yenu aliponieleza ndipo nilipoisikia sauti yake hasa.

"Wifi, chuoni nilikuwa naye mmoja," aliniambia. "Nikitoka darasani ndiye niliyemsimulia mambo yangu. Samaki hakuulizi mbona huongei."

Nikacheka, naye akacheka, na nikaona kwamba huyu mtu ana meno mazuri kumbe.

Fundi wa vioo akatengeneza tangi dogo, tukaliweka juu ya meza sebuleni, mbali na dirisha. Nyamizi akalijaza maji ya bomba mwenyewe na kuyaacha yakae wazi usiku kucha ili dawa ya bomba ipungue. Kila alipopita pale alilisogeza kidogo, akalifuta kwa pindo la khanga, akarudi chumbani. Sijaona mtu akimtayarishia mgeni namna ile. Mimi mwenyewe nilianza kumngoja huyo samaki kama ninayemngoja shemeji.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogongana.

Mbaruku alifika na basi la mchana, siku ileile bi harusi alipokuwa akipakwa hina. Nyamizi amekaa juu ya mkeka sebuleni, mikono imepakwa mpaka kwenye viwiko, nyayo zimeinuliwa juu ya mto, hina bado mbichi. Mwenye hina mbichi, mnajua wenyewe, hata nzi akimtua puani anaomba msaada. Mimi nilikuwa nikimalizia ua la mguu wa kushoto. Sebule imejaa wanawake. Mlango ukagongwa, na kaka yangu akaingiza kichwa, mkononi ameshika mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, na ndani yake maji kidogo na kitu cha buluu kinachotetema.

"Huyu hapa," alisema. "Muuzaji ameniambia kwamba kwanza..."

"Mwanamume nje," wanawake wakamkata kwa pamoja. "Huoni watu wamevua mitandio?"

Mfuko ukapokelewa, mlango ukafungwa, na maelezo ya muuzaji yakabaki nje pamoja na mwenyewe.

Mfuko ulizungushwa mkono kwa mkono. Kila mmoja aliuinua kwenye mwanga. Walikuwa na furaha, wanangu, furaha ya kweli. Mgeni wa bi harusi ni mgeni wa nyumba.

"Maskini, amekaa kwenye nailoni kama sukari ya robo," alisema Bi Mwanasiti. "Tangu Dar es Salaam. Hii si heshima."

"Yuko peke yake pia," alisema Bi Mwajabu, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye huruma na mkono mwepesi. Akatoa kioo cha mkobani na kukisimamisha mbele ya mfuko. "Haya baba, huyo mwenzako."

Samaki alipojiona kwenye kioo alifura. Mapezi yakasimama, mashavu yakafunguka kama mwavuli, akaanza kujirusha huku na huku ndani ya mfuko. Sebule ikalipuka kwa vigelegele.

"Anacheza. Tazameni anavyokata kiuno."

"Huyu ni wa Tanga huyu, wala hakutoka Dar."

Nikamtazama Nyamizi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameuma mdomo.

"Hachezi," alininong'oneza. "Amekasirika. Anadhani kuna adui. Atachoka, wifi. Waambie waondoe kioo."

Nikasema, "Jamani, ondoeni kioo." Lakini mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na sauti yangu ilimezwa kama punje ya mchele. Mwingine alikuwa amekwisha kuleta wali kwenye kisahani, maana mgeni hawezi kufika asile. Mwingine aliuliza kama anakula nyama. Na Bi Mwanasiti alikuwa amesimama mbele ya tangi, ameingiza kidole majini, uso umekunjamana.

"Nani ameyaacha maji haya wazi? Yamelala haya. Tangu lini nyumba hii mgeni akapewa maji yaliyolala?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba atauendea mtungi wake. Mtungi wa bibi yenu ulikaa kwenye kona ya ukumbi. Aliufukiza ubani kila asubuhi kabla ya kuujaza, na maji yake yalitoka ya baridi, yananukia mpaka kooni. Kwa bibi yenu hakukuwa na heshima kubwa kuliko kumpa mtu maji ya mtungi ule. Alimwagiza Bi Mwajabu aulete, yeye mwenyewe akaleta bakuli kubwa la kaure, lile la maua, ambalo lilitoka kabatini siku za Idi tu. Mtungi ukainamishwa. Maji ya ubani yakajaa bakuli, sebule nzima ikanukia. Kisha Bi Mwanasiti akaushika mfuko juu ya bakuli na kuanza kufungua mpira.

Samaki alikuwa ameshuka chini kabisa ya mfuko. Buluu yake ilikuwa imefifia kama nguo iliyoanikwa juani. Alikuwa akihema.

"Wifi," alisema Nyamizi. "Wakimmimina humo, jioni hatumkuti."

"Mama," nikaita. Hakuna aliyesikia.

Mpira ukafunguka.

Wanangu, bi harusi hainuki na hina mbichi. Na bi harusi hapazi sauti mbele ya mama mkwe, hata nyumba ikiungua hunong'ona. Lakini Nyamizi aliinuka. Alikanyaga mkeka mpya wa Bi Mwanasiti kwa nyayo zile zile zenye maua yangu, alama moja, alama ya pili, mikono ameinyoosha mbele kama anayetembea gizani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Mama, usimmimine."

Hata wale waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Loo," alisema Bi Mwajabu taratibu. "Kumbe ulimi upo."

Bi Mwanasiti alibaki ameshika mfuko hewani. "Umesemaje, mwanangu?"

"Usimmimine, mama. Nakuomba. Atakufa."

"Afe kwa maji yangu?" Bibi yenu hakukasirika, aliumia, na hiyo ni mbaya zaidi. "Maji haya wanakunywa masharifu, bi harusi. Maji haya nilimpa marehemu mkwe wako siku ya mwisho. Yana ubaya gani?"

"Hayana ubaya, mama. Ni mazuri kuliko yake. Lakini si yake."

"Yake ni yapi?"

"Hayo aliyokuja nayo humo mfukoni. Ni machache, tena si safi sana, lakini ndiyo mwili wake unayoyajua. Ukimtoa humo ghafla ukamtia kwenye maji mengine, ya baridi, yenye harufu, mwili unashtuka." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Chuoni, yule wa kwanza, wenzangu walimmimina. Walimpenda, mama. Walikuwa wamefurahi kama tulivyofurahi sisi sasa. Jioni tulimkuta anaelea."

Niliona vidole vya mama yangu vikiubana mdomo wa mfuko pole pole.

"Basi afanyweje?"

"Mimi ningemfanyia, lakini mikono hii..."

"Mikono ninayo mimi," alisema Bi Mwanasiti. "Wewe sema."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyamizi akasimama katikati ya sebule na hina yake, akasema, na mwanamke aliyetawala kila jiko la mtaa huu akatii.

Kwanza mfuko uliwekwa uelee juu ya maji ya tangini, yale yaliyolala, mdomo umefungwa, ili joto la ndani na la nje lipatane. Pazia likavutwa. Bi Mwajabu akaambiwa arudishe kioo chake mkobani, akakirudisha akisema kwamba yeye alikuwa anamtafutia mtu mwenzake tu, kosa liko wapi. Tukangoja. Wanawake wa Ngamiani, wanangu, kungoja bila kuongea. Nilisikia saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe.

Kisha mfuko ukafunguliwa, na Nyamizi akaomba kikombe cha kahawa, kile kidogo kabisa. "Mchotee maji ya tangini kidogo, mama, umtilie mfukoni."

Bi Mwanasiti akachota mpaka ukingoni.

"Nusu, mama."

"Nusu? Huyu ni mgeni au mgonjwa?"

"Nusu tu. Halafu tungoje."

Mkono wa bibi yenu haukujua nusu. Ulikuwa mkono wa upawa, wa kurundika. Akatia nusu kikombe, akangoja, akamtazama Nyamizi kwa jicho la kuuliza, Nyamizi akatikisa kichwa, bado. Akangoja tena. Nusu nyingine. Alasiri ikaadhiniwa, wakaenda kuswali kwa zamu ili mfuko usibaki peke yake, na kila aliyerudi aliuliza kwa mnong'ono, "Vipi?" kama aliyesimama nje ya chumba cha mzazi.

"Anasogea," nilisema mimi. Nilikuwa nimepiga magoti, pua kwenye kioo.

Alikuwa anasogea kweli. Aliacha chini, akapanda mpaka katikati. Kwenye ubavu wake buluu ikaanza kurudi, kidogo kidogo, kama mtu anayewasha taa za nyumba chumba kimoja kimoja. Kisha wekundu kwenye ncha za mapezi. Bi Mwajabu alinishika bega akalibana mpaka nikaumia, wala sikumwambia aache.

"Sasa laza mdomo wa mfuko, mama. Usimsukume. Atoke mwenyewe."

Bi Mwanasiti akalaza mfuko. Samaki akasogea mpaka mlangoni, akasimama, akachungulia. Akarudi ndani.

"Amekataa," mtu alinong'ona.

"Nyamaza wewe, anafikiri."

Akaja tena. Safari hii alitoa kichwa, akatoa mwili, na mapezi yakafuata nyuma yake moja baada ya jingine, taratibu, mpaka akawa nje kabisa. Akasimama katika maji yale mapya. Halafu akayafungua mapezi, yote, akazunguka tangi mara moja kama mwenye nyumba anayekagua kuta.

Vigelegele vilikuwa tayari kwenye koo za wanawake wale. Bi Mwanasiti aliinua kidole kimoja. Basi sijawahi kuona tena jambo lile maishani mwangu: wanawake sebule nzima wameziba midomo kwa viganja, ndimi zinacheza ndani, machozi yanatiririka kwa kicheko, na hakuna sauti hata moja. Kigelegele cha kimya. Nyamizi alicheka mpaka akakaa chini, na ua langu la mguu wa kushoto likawa doa tupu. Alitembea na doa lile mpaka hina ilipofutika, na hakulionea haya.

Bi Mwajabu akasogea na kisahani. "Haya, sasa ale wali wake."

"Leo hali, mama," alisema Nyamizi. "Kesho, punje moja ya chakula chake."

Bi Mwanasiti alikuwa amekaa kwenye kiti, kikombe bado mkononi. Alimtazama samaki. Kisha akamtazama mkwewe. Kisha akatazama sahani ya biriani iliyokuwa kando ya mkeka, ambayo ilikuwa imechokorwa upande mmoja tu.

"Nyamizi," alisema. Mpaka saa ile hakuwa amemwita kwa jina lake. "Tangu uje hapa umekula nini?"

"Biriani, mama. Na pilau. Na kuku."

"Hivyo ndivyo ulivyopewa. Nimekuuliza umekula nini."

Nyamizi akainamisha kichwa kama zamani, nikadhani ulimi umerudi ndani. Lakini mtu akishapaza sauti mara moja, ya pili ni nyepesi.

"Kidogo, mama."

"Na maji yako wewe ni yapi?"

"Ugali wa muhogo, mama," alisema. "Na nikae kidogo mlango umefungwa, asinifunue mtandio mtu."

Bi Mwanasiti akanitazama, mimi nikamtazama Bi Mwajabu, na sote tukaangua kicheko ambacho hakuna kidole kingeweza kukizuia. Kwa sababu jikoni, wanangu, kulikuwa na bada, ugali huo huo wa muhogo. Kila siku. Bada na dagaa ndicho chakula tulichokuwa tukila sisi wenyewe, tukijificha uani, maana Bi Mwanasiti alikuwa ametuapia kwamba aibu itampasua, mgeni wa Tabora akiona tunakula ugali wa muhogo.

"Nimekuwa nikisikia harufu yake kila mchana," alisema Nyamizi, amepigwa na butwaa. "Nilidhani ni kwa kukumbuka kwetu tu."

Sikuwahi kumwona mtu akilishwa vile. Mikono ya hina hairuhusu kushika tonge, kwa hiyo Bi Mwanasiti alimega mwenyewe, akachovya, akamtilia kinywani. Matonge madogo. Nilimwona mama yangu akipima kila tonge kwa jicho, akingoja alimeze kabla ya kumega jingine.

Wakati ule ule mlango ukagongwa. Mwanamke wa barabara ya nyuma alikuwa amekuja kumwona bi harusi, na sinia lake la vitumbua kichwani. Bi Mwanasiti hakuwahi kumrudisha mtu mlangoni tangu azaliwe. Alisimama pale, akalipokea sinia kwa adabu zote, akasema:

"Ahsante, dada. Leo hatumwoni. Samaki mgeni huja na maji yake."

Mwanamke hakuelewa kitu. Alisimuliwa njiani na wenzake, na kabla ya wiki kwisha msemo ulikuwa umevuka barabara zote. Mwalimu mpya alipohamia shuleni na kukaa kimya, watu waliwaambia watoto wao msemo huo. Kijana aliporudi kutoka masomoni ng'ambo akashindwa kulala, mama yake aliwaambia majirani. Yule beta aliishi nasi, akanenepa kwa kadiri samaki wa namna ile anavyonenepa, na bibi yenu alimwita mkwe wangu wa pili. Kila asubuhi alimpa salamu kabla ya watu. Na mama yenu, ambaye hamuwezi sasa kumnyamazisha hata mkimlipa, alianza kuongea siku ile.

Basi mmeelewa kwa nini mama yenu ameegemea mlango? Msichana wa watu ametoka Iringa, amefika jana, na nyinyi mmemwendea na masinia manne na chupa ya marashi. Najua mmefurahi. Nasi tulikuwa tumefurahi.

Unasemaje, Saumu? Nani atamuuliza yeye maji yake ni yapi? Amekwisha kuulizwa. Unadhani kaka yenu ameenda sokoni kufanya nini asubuhi yote hii? Ametumwa mahindi na maharage. Bi harusi anataka kupika makande kwa mkono wake, kama ya kwao, na akishapika atatoka nayo mwenyewe. Mtakaa, mtakula, na mtamsikiliza akianza kuongea. Mpaka hapo vitumbua hivyo ni vyetu, vileteni vingali moto.

Samaki mgeni huja na maji yake.